Skrini ya bluu: kurekebisha Windows au kuisakinisha upya?

Skrini ya bluu ni ile inayotokea Windows inapoanguka ghafla. Kurekebisha hakuli bando: ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika sfc /scannow. Programu na mafaili yako hubaki. Lakini sfc hushughulikia mafaili ya Windows tu. Draiva (programu inayoendesha kifaa) mbovu ya kadi ya picha utaiondoa mwenyewe, la sivyo skrini inarudi.

Kusakinisha upya kwa flashi kunadai flashi ya angalau GB 8, kupakua gigabaiti kadhaa, kisha kurudisha programu zote. Kwa mfumo ulioharibiwa na virusi, ndiko kwenye uhakika zaidi. Nakili mafaili kwanza, tafadhali!

Mwenye kazi ya kukabidhi kesho aanze na sfc. Mwenye nakala tayari na kompyuta inayoanguka kila siku, asakinishe. Ukiona MEMORY_MANAGEMENT kwenye skrini ya bluu, pima RAM kwa mdsched (kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows) kabla ya yote: RAM mbovu huangusha hata Windows mpya.