Kununua TV: Uliza Kwanza Mwanga Unatoka Wapi

TV inayouzwa kwa jina la LED kwa kweli ni LCD. Kioo chake hakitoi mwanga, kinachuja tu mwanga wa taa ndogo zilizo nyuma yake au pembezoni. QLED nayo ni LCD ileile iliyoongezewa tabaka la kukoleza rangi. Usilipie herufi Q kabla ya kujua taa zimepangwaje.

Kwa nyumba nyingi, nafasi ya kwanza tunaipa Mini-LED. Nayo ni LCD, ila ina taa mamia au maelfu nyuma ya kioo, zimegawanywa kwa kanda, na kila kanda huwaka au kufifia peke yake. Sebule yenye madirisha makubwa haiipi shida, na nembo ya kituo ikikaa pembeni kutwa nzima haiachi alama. Kasoro yake utaiona kwenye maandishi meupe juu ya giza: yanazungukwa na ukungu wa mwanga. Kanda zikiwa nyingi ukungu hupungua, kwa hiyo ulizia idadi yake.

OLED ni ya pili, ingawa chumba kikiwa na giza hakuna inayoishinda kwa picha. Kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, huwaka na kuzimika yenyewe, kwa hiyo weusi ni weusi kweli, na aliyekaa pembeni haoni rangi zikipauka. Tatizo ni kwamba pikseli hizo huchakaa. Upau wa habari au alama za gemu zisizohama huchakaza sehemu moja kuliko nyingine, mpaka kivuli kinabaki hapo milele. TV hizi hujisawazisha zikishazimwa kwa rimoti, kwa kawaida baada ya kutazamwa jumla ya saa 4 hivi. Mwenye mazoea ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku anaizuia kazi hiyo bila kujua. Na kama nyumbani kwako chaneli ya habari haizimwi, achana na OLED.

Bajeti ikibana, chukua LCD ya kawaida yenye taa zilizotapakaa nyuma ya kioo kizima. Hapo uliza aina ya paneli, yaani kioo chenyewe: ni VA au IPS. VA ina utofauti wa mweupe na mweusi wa 3000:1 au zaidi, inafaa mkikaa mbele ya TV. IPS ina takriban 1000:1, lakini haipauki kwa wanaokaa pembeni. Zenye taa za pembezoni tu ziwe za mwisho: ni nyembamba na zinavutia ukutani, lakini filamu ikiwa na giza kingo zinang'aa.

Ugonjwa mkubwa wa LCD ni taa. Zimeunganishwa kwa mfululizo, moja ikikatika mstari mzima unaweza kuzimika. Sauti inaendelea, kioo kiko giza. Ukimulika tochi kwa karibu utaiona picha hafifu. Kuzirefushia maisha, shusha mwanga wa nyuma kwenye menyu kutoka 100 hadi 50 au 60, na unapoiwasha mara ya kwanza chagua matumizi ya nyumbani, si ya dukani.

Dukani nenda na flashi yenye picha mbili: ya kijivu tupu, na nyeusi yenye nukta nyeupe katikati. Ya kwanza hufichua madoa ya kioo, ya pili hufichua ukungu. Video za maonyesho ya duka zimetengenezwa zipendeze kwenye TV yoyote.