PGT-A kwenye IVF: nani alipie, nani aache

PGT-A ni kipimo cha kuhesabu kromosomu za kiinitete kabla hakijapandikizwa. Huuzwa kama nyongeza juu ya gharama za IVF, yaani kurutubisha yai maabara. Uliza mapema kama bei inajumuisha kuchukua sampuli, kugandisha na maabara ya vinasaba, maana mara nyingi hizo ni bili tatu.

Siku ya 5 au ya 6 baada ya yai kurutubishwa, mtaalamu hutoboa ganda la kiinitete kwa leza, akanyonya kwa mrija mwembamba seli 5 hadi 10 za tabaka la nje, lile litakalokuwa kondo la nyuma. Seli za mtoto mwenyewe haziguswi. Kiinitete hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na upandikizaji husubiri mzunguko mwingine.

Udhaifu uko kwenye hizo seli chache. Kiinitete kimoja kinaweza kuwa na seli zisizo na kasoro na zenye kasoro, na sampuli ikaangukia upande mmoja. Mwaka 2015 watafiti wa Italia walipandikiza viinitete 18 vya mchanganyiko, wakazaliwa watoto 6 wenye afya. Kwa hiyo usisaini fomu ya kuvitupa kabla ya kuongea na mshauri wa vinasaba.

Je, kinaongeza watoto? Utafiti wa China wa 2021 ulihusisha wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37: waliopimiwa walijifungua asilimia 77.2, wasiopimiwa 81.8. Kipimo kinachagua, hakitengenezi. Kilichopungua ni mimba kuharibika. Ukiwa chini ya miaka 35 na una viinitete viwili tu, acha. Ukiwa na 38 na kuendelea na viinitete vingi, kinaokoa muda.

Alama za juu ziende kwa ndugu yake, PGT-M, kinachotafuta ugonjwa mmoja wa kurithi, hasa kwa wenzi wote wawili wenye AS (wamebeba nakala moja ya jeni ya selimundu; AA hana), ambao kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa selimundu. Maabara huandaa kipimo chao kwanza kwa damu yao, mara nyingi na ya mtoto mgonjwa au ya mabibi na mababu. Kwenye seli chache, nakala moja ya jeni huweza kukosa kusomeka, AS ikaonekana AA. Alama za vinasaba zilizo jirani na jeni hiyo kwenye kromosomu ndizo zinazoumbua kosa hilo. Mbegu ya kiume idungwe moja moja ndani ya yai, la sivyo zilizonasa kwenye ganda zitachafua sampuli. Mimba ikishika, maji ya chupa ya uzazi bado yapimwe, kuanzia wiki ya 15.