Mfumo wa sola wenye betri ya lithiamu: je, unatosha kuistaafisha jenereta?

Mfumo ninaoutathmini ni wa aina inayouzwa kwa wingi kwa matumizi ya nyumbani: paneli sita za wati 450, inveta mseto ya kilowati 5 (kifaa kinachoubadili umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika kwenye soketi), na betri moja ya lithiamu-chuma-fosfati ya volti 51.2 na ampea-saa 100. Nimeutumia mahali palipokuwa na jenereta ya petroli, na kwa kigezo hicho ndipo ninapoupima, kwa kuwa anayenunua mfumo huu hulipia mapema umeme wa miaka mingi ili bei ya mafuta isimguse tena.

Faida hiyo si ndogo. Mwaka 1973 na 1974 pipa la mafuta lilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Julai 2008 lilipita dola 147. Aprili 2020 mikataba ya mafuta ya Marekani iliuzwa kwa bei iliyo chini ya sifuri, yaani muuzaji ndiye aliyemlipa mnunuzi, na miaka miwili baadaye pipa likavuka dola 120. Visima vikongwe hupungukiwa shinikizo na kutoa mafuta kidogo, na sehemu kubwa ya mafuta ya dunia hupita katika mlango-bahari mwembamba wa Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi, kwa hiyo mtikisiko wa mahali pamoja humfikia mwenye jenereta popote alipo, naye hana la kufanya ila kulipa. Isitoshe, jenereta inayowasha taa chache na jokofu hunywa mafuta mengi kuliko umeme inaoutoa unavyostahili.

Betri ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapo ndipo maandishi ya kwenye lebo yanapoachana na matumizi halisi. Lebo inasema kilowati-saa (yaani uniti) 5.12. Ukiacha asilimia 10 ya chaji bila kuitumia ili betri idumu, unabaki na 4.6; inveta nayo hupoteza kiasi inapoubadili umeme, hivyo kinachofika kwenye soketi ni kama 4.2. Kisha inveta yenyewe hula takriban wati 50 hata vifaa vyote vikiwa vimezimwa, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, na kwa saa 12 za giza hiyo ni 0.6 nyingine. Mnunuzi anayedhani ana uniti tano za usiku ana tatu na nusu hivi. Zinatosha jokofu, taa, runinga na feni. Hazitoshi hita ya maji, na sioni haya kusema kwamba anayetaka kuoga maji ya moto usiku kwa betri moja amepotoshwa. Hata hivyo, betri hii inaizidi kwa mbali ile ya risasi na asidi, ambayo huchakaa haraka ikizoeshwa kushushwa chini ya nusu.

Paneli hazina mengi ya kulalamikiwa. Nguvu yake hupimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi joto 25, na hupungua kwa takriban asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Paneli iliyofikia nyuzi 65 juani hutoa wati 387 badala ya 450. Ndiyo maana fundi anayezilaza juu ya bati bila kuacha nafasi ya hewa kupita anastahili kuulizwa sababu.

Inveta ndiyo inayoupunguzia mfumo huu alama. Pampu ya maji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kiwango chake cha kawaida, na kwangu inveta ilijizima pampu ilipowaka wakati pasi inatumika, ingawa jumla ya mzigo ilikuwa chini ya kilowati 5. Feni yake ina kelele za kutosha kumnyima mtu usingizi, basi isifungwe karibu na chumba cha kulala. Kitabu cha maelekezo hakielezi jinsi ya kuiunganisha na betri ya kampuni nyingine, na hilo lina uzito, maana paneli huja na dhamana ya utendaji ya miaka 25 ilhali inveta hupewa michache tu, na hiyo ndiyo itakayotangulia kufa.

Kwa nyumba ambayo matumizi yake makubwa ni ya mchana, ninaupendekeza bila kusita. Penye mawingu ya siku mfululizo, au penye mashine za kusaga na kuchomelea, jenereta isiuzwe bado. Ibaki kwa ajili ya kuichaji betri pale jua linapokosekana, ikiendeshwa kwa mzigo mkubwa na kwa muda mfupi.