Stevia "isiyo na uchungu": nilikuja na hasira, kumbe mchawi ni kijiko

Haya jamani karibuni tena, na leo mniwie radhi nimekuja na hasira zangu. Kopo hili hapa la unga safi wa stevia, ule wa kutia utamu badala ya sukari, lebo yake imeandikwa kwa maherufi makubwa kwamba hauachi uchungu mdomoni. Ngoja nisogeze kwenye kamera... imesomeka? Nimeutumia siku kumi, na siku zote kumi kila nikinywa chai ulimi unabaki kama nimelamba shubiri. Jina la kampuni nimeliziba na karatasi, msinisumbue kwenye koment.

Mambo ya ni mmea, haina kalori, hayo mnayajua, turuke.

Hebu nionje live. Nachovya kijiti cha meno kwenye unga, kiasi hiki tu, hata hamkioni, naweka ulimini, hesabuni na mimi. Moja... mbili... bado hamna kitu, si mnaona, sukari ingeshafika zamani... tatu, haya utamu huo, unapanda, unapanda, mtamu kwelikweli... sita, saba... enhe! Huyo hapo mgeni kaingia. Pembeni za ulimi na nyuma huku. Nakunywa maji. Bado yupo. Stevia ndivyo ilivyo, inachelewa kuja halafu kuondoka nako haitaki.

Na kuna mtu video iliyopita aliandika kwamba huo ni ukakasi. Hapana ndugu yangu, ukakasi ni ile ulimi kukauka na kukunjamana kama umetafuna tunda bichi, hiyo ni hisia ya kuguswa siyo ladha. Huu ni uchungu, uchungu wenyewe.

Sasa nilidhani wamechakachua, nikaenda kusoma. Kumbe molekuli ya stevia ina kiini kinaitwa stevioli, kimevishwa glukosi, yaani vipande vya sukari. Aina ziko kadhaa: ile ya zamani, steviosaidi, ina glukosi 3, Reb A (kirefu chake rebaudiosaidi A) ambayo ndiyo imejaa kwenye kopo hili ina 4, na kuna Reb M ina 6, na kwa ujumla glukosi zikiongezeka uchungu unapungua. Halafu ulimi wetu una kipokezi kimoja kikuu cha utamu, ila vya uchungu tunavyo aina kama 25. Molekuli ya stevia inabisha hodi kwenye mlango wa utamu, inafunguliwa, halafu hiyohiyo inaenda kugonga na milango ya uchungu, TAS2R4 na TAS2R14. Kwa hiyo hamna uchafu wa kuchuja hapo, aliye mtamu ndiye huyohuyo mchungu. Mtu anayekuandikia kwenye lebo kwamba uchungu haupo kabisa na ndani kaweka Reb A, huyo anakuchukulia poa.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo nilipoanza kulegea. Huu unga ni mtamu kama mara 200 hadi 300 kuliko sukari, sawa? Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Gawanya kwa 200, unapata gramu 0.02, yaani miligramu 20. Sasa mezani nina hiki kijiko cha plastiki kilichokuja ndani ya kopo, wanasema weka kimoja kwa kikombe. Nimekijaza, nikakisawazisha na kisu, nikamwaga kwenye mizani, nikarudia mara kumi. Mizani ikasoma gramu 1. Piga hesabu hapo! Kijiko kimoja ni miligramu 100, yaani siku kumi nzima nakunywa chai yenye dozi ya vijiko vitano vya sukari halafu nalalamika!

Na siyo kwamba unapata utamu wa vijiko vitano, maana utamu wa stevia ukifika mahali unagoma, uchungu wenyewe unaendelea kupanda tu. Ukiongeza unga ili uzidishe utamu, unachoongeza zaidi ni ule mwingine.

Sasa tazameni. Mizani yangu inasoma gramu nzimanzima, haiwezi kupima miligramu 20, kwa hiyo nimepima gramu 5 nikaziyeyusha kwenye maji mililita 500, chupa hii hapa. Kila mililita 1 ina miligramu 10. Nachukua bomba la sindano lisilo na sindano, navuta mililita 2, naweka kwenye kikombe A. Kikombe B kijiko chao kimoja. Naonja A... tamu... nasubiri... kuna kauchungu kwa mbali sana, kama hujaambiwa husikii. B... aaah hapana. Hapana! Uso wangu mnauona wenyewe.

Halafu kwenye B naongeza chumvi, punje chache tu, chumvi inaujua uchungu kuubana. Nakoroga... imeshuka. Haijaisha, ila imeshuka vizuri tu.

Mtaniuliza kuhusu sakarini, ile ya kutia utamu inayotengenezwa maabara, mpinzani wa stevia wa zamani. Hiyo iligunduliwa 1879 Marekani, Constantin Fahlberg alitoka maabara bila kunawa mikono akaja kushangaa mkate wake mtamu. Nayo ina uchungu wake, ila ina vituko. Nimeyeyusha vidonge kadhaa kwenye kijiko kimoja cha maji, ni kali mno, naweka mdomoni... chungu, utamu wenyewe siuoni, natema. Sasa nasukutua na maji matupu, haya ya kawaida... jamani yamekuwa matamu! Ikizidi, sakarini inakiziba kile kipokezi cha utamu, ukiisuuza kinaachiwa na utamu unarudi kwa kishindo. Nimefanya mara tatu asubuhi nacheka peke yangu.

Nani asikie uchungu wa sakarini na nani asiusikie, jeni zinahusika, vipokezi vyetu havifanani. Kwa hiyo usigombane na mtu koment kisa yeye hausikii.

Tangazo dogo, maikrofoni mpya imefika, ile kelele ya feni mliyokuwa mnailalamikia sasa basi, kama bado mnaisikia ni feni yenyewe imechakaa. Subskraibu, gonga kengele. Wiki ijayo Reb M ikifika naiweka mezani na Reb A bila kuona lebo.

Maksi? Nilikuja kutoa 2 kwa 10. Unga naupa 6, lebo sifuri, kijiko nimeshakitupa. Na kikombe B... kiko wapi? Kamerameni, umekunywa? Chote? Na ile chumvi? Anasema hajasikia uchungu wowote, anaomba kingine.