Tuisheni ya takwimu Soweto, Moshi: kufundisha wanajua, kutabiri wapunguze
Kwa wale wa mwaka wa kwanza mnaoulizia tuisheni ya takwimu, hii ya pande za Soweto ni nzuri ila ina mambo yake. Siku ya kwanza unapewa katesti kafupi, wanaangalia na hesabu yako ya fom foo, na BAM (ile hesabu ya msingi ya fom faivu na siksi) kama ulisoma, halafu wanakwambia una dalili za kupasi au za sapu, yaani kurudia mtihani. Kiukweli aljebra na asilimia wako sawa kupima, maana asiyejua kutafuta x atapotea tu wakifika standadi divieshen, kile kipimo cha namba zimetawanyika kiasi gani. Wanauliza pia kama unaogopa hesabu, hiyo nimeipenda sana.

Shida wanakubandikia asilimia ya kufaulu kama waganga wa nyota, jamani hata uhusiano (korelesheni) wa hako katesti na maksi za mwisho ukiwa 0.5, zidisha 0.5 kwa 0.5 unapata 0.25, yaani robo tu ya tofauti za maksi ndo imeelezeka, kwingine huko kuna mahudhurio, mazoezi, sijui ada haijalipwa, na haya haya wanayafundisha wenyewe ubaoni!

Mwalimu yuko vizuri lakini, anarudia na kalkuleta mkononi mpaka uelewe. Feni hakuna. Nendeni tu, ila ile karatasi ya utabiri msiwaoneshe wazazi.