Dirii ya Kuigizia: Malighafi za Kununua Mbeya na Iringa, Kuanzia Iliyo Bora

Anayetaka kujitengenezea vazi la shujaa wa kubuni, lenye dirii kifuani, chapeo kichwani na mabega ya kutisha, mara nyingi huanzia kwa fundi bati. Fikira hiyo inaeleweka, kwa kuwa dirii halisi ilikuwa ya chuma. Lakini vazi la igizo la kanisa, la mahafali ya shule au la video ya muziki halina mkuki wa kuzuia. Linatakiwa lionekane chuma kwa mtazamaji aliye hatua chache mbele, na wakati huohuo limwache mvaaji ainue mikono, aketi na apumue kwa saa kadhaa. Kwa sababu hiyo nimezipanga malighafi kwanza kwa jinsi zinavyokubali kuumbwa na kubebwa mwilini, na baada ya hapo ndipo nikaangalia gharama na urahisi wa kuzipata katika masoko ya Nyanda za Juu Kusini.

Nafasi ya kwanza naipa mikeka ya povu ya watoto kuchezea, ile ya miraba yenye meno yanayoshikana ubavuni, na sioni mshindani wa karibu. Povu hilo huwa ni EVA, plastiki laini ya jamii ileile inayotumika katika soli za viatu vya michezo na kandambili nyingi. Likipashwa joto hulegea, na likishikiliwa katika umbo jipya mpaka lipoe, hubaki na umbo hilo, ndiyo maana kipande bapa kinaweza kugeuzwa kuwa kifua cha mviringo bila mishono mingi. Mkeka wenye unene wa milimita 10 una uzito wa takriban kilo moja kwa kila mita ya mraba, ilhali bati la chuma la milimita 0.4 huzidi kilo tatu kwa eneo hilohilo.

Ukifika sokoni, iwe Mwanjelwa au kwenye maduka yanayozunguka Soko Kuu la Iringa, usishawishiwe na rangi ya mkeka, kwa sababu yote itafunikwa. Angalia ukubwa kwanza. Miraba ya sentimita 60 kwa 60 ni bora kuliko ya 30 kwa 30, kwani mmoja mkubwa ni sawa na midogo minne, na kila kiungo unachokiepuka ni mstari ambao hutahangaika kuuficha. Miraba sita mikubwa hutoa mita za mraba 2.16, kiasi ambacho kwa kawaida kinatosha kifua, mgongo, mabega na vikinga mikono vya mtu mzima wa umbo la wastani, pamoja na akiba ya vipande vitakavyoharibika. Mikeka yenye herufi na wanyama wanaochomoka uwaachie watoto, maana matundu yake hayazibiki vizuri. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: povu zuri hurudi juu mara moja, na hafifu hubaki na shimo. Likunje pia, likionyesha nyufa nyeupe kwenye mkunjo, rangi nayo itapasuka palepale. Ule upande wenye vijimistari vya kuzuia kuteleza utaugeuzia ndani, ila hakikisha upande wa pili ni laini kabisa.

Jambo la harufu lisipuuzwe. Mikeka mingine ya aina hii hutoa kemikali iitwayo formamaidi, na kati ya 2010 na 2011 Ubelgiji na Ufaransa zilichukua hatua dhidi ya uuzaji wake kwa ajili hiyo. Ukinusa mkeka mpya ukakukereketa, chagua mwingine, na hata ule usiokuwa na harufu kali uutandaze kwenye hewa kwa siku kadhaa kabla ya kuukata.

Mapambo, kingo na vidole vya glavu huhitaji shiti nyembamba zaidi, za milimita 2 hadi 5, na hizo ni bora ukaziulizie kwa mafundi viatu na wauzaji wa vifaa vyao kuliko kwenye maduka ya vyombo. Kuhusu joto la kuumbia, mashine ya hewa moto ndiyo chombo chenyewe. Fundi simu anayo ndogo, ambayo inafaa kwa vipande vidogo. Draya ya saluni hulegeza shiti nyembamba lakini mkeka mnene huushinda. Pasi ya umeme inafaa ukiweka karatasi ya kuokea katikati. Pasi ya mkaa siipendekezi, kwa kuwa joto lake halidhibitiki na povu huungua kabla hujatambua.

Nafasi ya pili ni boksi la karatasi ngumu, na kwa vazi litakalovaliwa mara moja tu ningelichukua bila kusita, hasa kwa darasa zima la wanafunzi. Mkoa wa Iringa wenyewe hutengeneza karatasi ya aina hii: kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, huzalisha karatasi ya kahawia ya vifungashio kutokana na miti ya mashamba ya huko. Hata hivyo huna haja ya kununua boksi jipya, kwani maduka ya friji na televisheni huwa na makubwa ya kutosha. Omba lenye tabaka mbili za mawimbi kwa ngao, na lenye tabaka moja kwa kifua. Kabla ya kukata, tazama mawimbi yaliyomo ndani yanaelekea wapi, kwa sababu boksi hujikunja kwa utaratibu sambamba na mawimbi hayo na huvunjika vibaya likilazimishwa kinyume. Ukiliimarisha kwa vipande vya gazeti na uji wa unga wa ngano, litakuwa gumu na laini juu, ila lipe muda wa kukauka. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha, hatua hiyo inaweza kukuchelewesha kuliko ulivyopanga, na vazi lililobaki na unyevu ndani huota ukungu. Panya nao hupenda uji uleule. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji huondoa tatizo hilo kwa gharama ya juu kidogo.

Nafasi ya tatu naiweka bomba la plastiki la PVC, la inchi nne au sita, linalopasuliwa kwa urefu na kulainishwa kwa joto hadi litandazike. Hutoa kikinga mguu na mkono kigumu sana, na mabaki yake hupatikana kwenye majengo yanayojengwa. Hasara yake ni kwamba haliwasamehi wavivu: kingo zisipopigwa msasa hukata ngozi. Zaidi ya hayo, PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma macho na mapafu, kwa hiyo kulipasha juu ya moto wa wazi au jikoni si jambo la kujaribu. Maji ya moto sana hulegeza vipande vidogo bila hatari hiyo.

Ngozi ya mtumba sikuipa nafasi yake peke yake, kwa kuwa koti moja la ngozi halitoshi vazi zima, lakini mikanda, bizimu na mikoba iliyochakaa inunue mapema popote utakapoiona. Hakuna kitu kinachoifanya dirii ya povu iaminike kama mkanda halisi wenye bizimu halisi.

Bati ndilo la mwisho. Fundi hodari anaweza kukutengenezea kifua cha kupendeza kweli, nacho kitang'aa kuliko vyote, lakini ni kizito, kina kelele, hukata kwapa, na asubuhi za Juni huko Njombe au Uyole hugeuka barafu mgongoni. Ukilitaka kwa lazima, litumie kwa ngao tu, ukunje kingo zote, na bati la kuezekea lisichomelewe wala kupashwa moto, kwa sababu zinki iliyolipaka hutoa moshi wenye sumu. Povu jeupe jepesi linalokingia televisheni ndani ya boksi halimo kabisa katika orodha hii. Gundi ya viatu huliyeyusha mbele ya macho yako.

Fedha utakayookoa kwa kuchagua mikeka iweke kwenye gundi na rangi, ambako ununuzi wa bei ya chini huonekana haraka. Nunua gundi ya viatu iliyo kwenye kopo lililofungwa, si ile ya kupimiwa iliyokwisha kuvuta. Hupakwa pande zote mbili, huachwa hadi isinate kidoleni, kisha vipande hubanwa mara moja tu, maana hakuna nafasi ya kurekebisha. Katika baridi ya Juni na Julai muda huo wa kungoja huongezeka, na wengi hubana mapema, wakashangaa mshono ukiachia jukwaani. Mvuke wake huwaka na hulevya, hivyo fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko la mkaa.

Kabla ya rangi, ziba vitundu vya povu kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, tabaka tatu au nne, ukiacha kila moja ikauke. Rangi ya mafuta ya geti ni ngumu mno na hukatika mvaaji anapoinama. Nunua kopo la kupuliza jeusi kwa chini na silva kidogo tu; silva hiyo isugulie kwenye kingo na sehemu zilizoinuka kwa sponji karibu kavu, ukiacha weusi ubaki kwenye mabonde. Silva iliyopakwa kila mahali huonekana kama sufuria mpya, na kwa dirii ya shujaa aliyetoka vitani sidhani kama kuna anayetaka hivyo.