Kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali: programu ipi ununue, na umeme ukikatika inakuwaje

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wasomaji wangu wanaoishi nusu huku nusu Dar wameongezeka, na malalamiko yao yanafanana. Kompyuta kubwa yenye mahesabu au michoro imebaki Dodoma, Nkuhungu au Kisasa, mwenyewe yuko Kariakoo na laptopu ndogo. Anajaribu kuingia, anaambiwa mashine haipo hewani. Ananiandikia: "Dada, hii programu ni mbovu, nitajie nyingine." Nikimuuliza kama umeme ulikatika huko nyumbani, jibu ni ndiyo.

Kwa hiyo leo kasi na ubora wa picha sivigusi. Kwa Excel na mafaili ya PDF, zote zinatosha. Nazipanga kwa swali moja tu: umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa kumi alfajiri, asubuhi utaingia bila kumpigia jirani simu akakubonyezee kitufe?

Na swali hilo linaanzia kwenye mashine kabla ya programu yoyote. Dell OptiPlex za mtumba ndizo zilizojaa madukani, na ndani ya BIOS yake, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, kuna kipengele kinaitwa "AC Recovery". Kwenye HP na Lenovo kitafute kwa jina la "After Power Loss". Kiwekwe kwenye "Power On". Kikiwa "Power Off", mashine italala mpaka urudi Dodoma, hata uwe umelipia programu ya dola mia ngapi.

Halafu kuna kidonge cha betri, CR2032, kilichokaa kwenye ubao wa mashine. Kwenye mtumba mara nyingi kimeshakufa. Umeme ukiondoka, BIOS inasahau tarehe, na inaweza kusahau mipangilio pia, ule wa "Power On" ukiwemo. Ukirudi, ama mashine haiwaki, ama inawaka na kusimama kwenye maandishi ikisubiri mtu abonyeze F1. Nani abonyeze, paka? Hata ikivuka hapo, tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, programu za mtandaoni zinakataa kuunganisha kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana si halali. Badilisheni hicho kidonge kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Sasa tupange.

Ya kwanza ni Tailscale ikishirikiana na Remote Desktop ya Windows yenyewe. Napendelea, nakiri, na hakuna aliyenilipa. Remote Desktop inaanza pamoja na Windows, kabla mtu yeyote hajaingiza neno la siri, kwa hiyo umeme ukirudi nayo imerudi. Tailscale inatengeneza mtandao wa faragha juu ya teknolojia ya WireGuard, laptopu iliyoko Dar na kompyuta iliyoko Kisasa zikaonana kama ziko chumba kimoja. Kwenye ruta hufungui kitu. Kwa laini za simu hata ukifungua mara nyingi haisaidii, maana wateja wengi wanagawana anwani moja ya intaneti. Na fundi akikwambia afungue mlango namba 3389, ule wa Remote Desktop, uelekee intaneti moja kwa moja, mkatalie. Huo ndio wezi wanaougonga usiku na mchana. Mkiwa ofisi moja, Remote Desktop inapita kwenye waya wa ndani, bando halitumiki hata likiwa limeisha.

Mitego yake ipo. Kwenye Windows lazima uwashe "Run unattended", la sivyo Tailscale inasubiri mtu aingie kwanza kwenye akaunti yake. Pili, ufunguo wa kila mashine unaisha baada ya siku 180 usipozuia hilo kwenye ukurasa wa usimamizi, na utaisha ukiwa safarini. Tatu, Windows Home haipokei wageni wa Remote Desktop, inataka Pro. Tailscale kwa matumizi binafsi ni bure, hivyo pesa yako yote inaenda kwenye leseni ya Pro. Na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN, yaani mitandao ya faragha ya aina hii, wajisajili, na Tailscale iko kundi hilo. Ofisi imalize hilo mapema.

Ya pili, RustDesk. Msimbo wake uko wazi, na ukitaka unaweza kuweka seva yako mwenyewe, jambo ambalo ofisi zenye taarifa za wateja zilifikirie kwa uzito tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isakinishe kama huduma ya Windows, iamke pamoja nayo, na uweke neno la siri la kudumu. Lile linaloonekana kwenye kioo linabadilika, na likibadilika huna wa kukusomea.

TeamViewer ya Ujerumani ni ya tatu kwa sababu ya bei tu. Ikisakinishwa vizuri inaamka na Windows, haina neno. Ila bure yake ni ya matumizi binafsi. Ikihisi unafanya biashara inakukatiza katikati ya kazi. Leseni ni ya kulipia kila mwaka. Mhasibu mwenye kompyuta moja Area C anamlipia nani hizo zote?

AnyDesk naiweka ya nne ingawa mafundi wetu wanaipenda kuliko zote. Wanaipenda kwa sababu ni ndogo na inafunguka bila kusakinishwa, na hapo ndipo inapowaangusha wateja. Fundi anaifungua, anaonyesha inafanya kazi, anapokea hela, anaondoka. Mashine ikizima na kuwaka, AnyDesk haipo. Isakinishwe, na iwekewe neno la siri la kuingilia pasipo mtu. Februari 2024 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba mifumo yake ilivamiwa, kwa hiyo mwenye neno la siri la zamani alibadilishe.

Chrome Remote Desktop ni bure, inarudi yenyewe, sawa kwa nyumbani. VNC, njia nyingine ya kazi hiyohiyo, iacheni ndani ya kuta za ofisi.

Sasa UPS, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, maana hapa nina hasira. Zile za 650VA zinashikilia kompyuta dakika chache tu, hilo linajulikana. Lisilosemwa dukani ni kwamba baadhi zikiisha chaji zinazima, na umeme ukirudi haziwaki mpaka mtu azibonyeze. Umeweka BIOS vizuri, umebadilisha kidonge, na UPS uliyonunua kwa usalama ndiyo imekufungia mlango. Muulize muuzaji kama inajiwasha yenyewe umeme ukirudi, uone anavyokodoa macho. Nilikuta duka moja hapa mjini wakiuza UPS iliyokaa stoo hadi betri imevimba, na mwenye duka akaniambia "itakaa sawa ikichajiwa". Bei hawaandiki kwenye matangazo, ni "njoo inbox", na inbox bei inategemea unavyoandika. Kwa ruta nunua kile kiUPS kidogo cha volti 12. Hakigharimu sana na kinaibakiza hewani saa kadhaa.

Na wale wanaoandika "Windows Pro" kwenye risiti huku ndani wameweka ya kuchakachua, kwenye Windows 11 fungueni Settings, kisha System, kisha Activation, mbele yao. Mkimaliza, mwambieni muuzaji achomoe waya wa umeme mashine ikiwa inafanya kazi, asubiri kidogo, aurudishe bila kugusa kitufe. Isipowaka yenyewe, airekebishe hapohapo kabla hamjalipa.